Ngozi za Jiliwa

Pete ilitoka kwenye jiliwa imeng'atwa.

Mama Nakshi aliigeuza chini ya taa ya mezani, akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Alama zilikuwa palepale. Nne upande wa nje, tatu upande wa ndani, zimepinda mfano wa kucha, na katikati kulikuwa na nafasi kama pengo. Hazikuwa alama za chuma. Taya za jiliwa lake, kile chuma cha mezani cha kubania kazi, zilikuwa na mistari iliyonyooka kama ya tupa, na mistari ile aliijua kuliko anavyoijua mikunjo ya uso wake. Hizi zilikuwa alama za meno ya mtu.

"Haiwezekani," alisema. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, jua limejaa mlangoni na redio ya jirani inatangaza bei za saruji, kwa hiyo hakuogopa. Alikasirika tu.

Kila fundi wa nakshi na wa kupachika vito anajua kwamba dhahabu haibanwi kwenye taya tupu. Dhahabu ni laini na chuma hakina adabu. Ndiyo maana taya za jiliwa huvalishwa. Wengine huzivalisha shaba nyembamba, wengine mbao, wengine zile plastiki za dukani zinazouzwa jozi jozi. Mama Nakshi alizivalisha ngozi. Ngozi mbili za rangi nyekundu iliyokolea, laini kama ndewe ya sikio, alizozishona kwa mkono wake mwenyewe, kila taya na nguo yake. Miaka tisa zilishika pete, vikuku na vidani, na hazikuwahi kuacha hata mkwaruzo wa unywele.

Kama pete ile ingekuwa ya mteja, angeisugua kwa msasa laini na mambo yakaishia hapo. Lakini ilikuwa ya Fundi Saa, na Fundi Saa mwezi ujao angekuwa mumewe.

Aliibeba mpaka chumba cha pili. Fundi Saa alikuwa ameinamia saa ya ukutani, kichwa chake chenye upara kinang'aa. Alikuwa mwembamba, lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu wa kilo mia. Aliipokea pete, akaiweka chini ya lenzi, akaitazama muda mrefu.

"Nimesikia wake wanakula mali za waume zao," alisema hatimaye. "Lakini wewe umeanza mapema, bibie. Hata posa haijakauka!"

Mama Nakshi alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kile kilipenya ukuta mwembamba uliotenganisha vyumba vyao. Alipokatiza ili avute pumzi, alisikia kitu upande wa pili, ndani ya karakana yake isiyo na mtu. Kwii. Mlio wa ngozi inayokazwa.

Alidhani ni panya.

*

Mume wake wa kwanza ndiye aliyekuwa fundi wa nakshi. Alipofariki alimwachia karakana, jiliwa, wateja waliozoea kazi nzuri, na binti wa miaka kumi na saba. Mama Nakshi wakati huo alijua kung'arisha tu. Alijifunza kuchora akiwa na miaka arobaini na moja, kwa ubishi. Mkono ulimtoroka. Kalamu ya chuma ilikuwa ikifika kwenye mpindo wa ua inateleza, inachana pete ya watu kama uso uliokwaruzwa na paka. Wateja walipungua mmoja mmoja, kwa heshima, bila kusema neno.

Mchana mmoja wa siku zile aliingia mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, akatazama kazi iliyoharibika mezani, akatoa kwenye mkoba wake kipande cha ngozi.

"Shonea jiliwa lako nguo," alisema. "Hii inashika."

Hakutaka malipo na hakurudi tena. Mama Nakshi alishona ngozi jioni ileile. Kesho yake alibana pete, akaweka kalamu, na mstari ukaenda kama maji yanayoijua njia. Tangu siku hiyo mkono wake haukuteleza. Jina lilikua. Watu walitoka mbali kumletea pete za ndoa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa akizungumza na jiliwa. Lilianza kama mzaha wa mjane aliyeshinda peke yake siku nzima. "Haya baba, shika vizuri." "Umemwona huyo aliyetoka, alivyojaa maringo?" Kila alipozungusha mpini ngozi zililia kwii, kwii, naye akaona ni kama mtu anayeitikia. Baadaye mzaha ukawa mazoea. Alilieleza habari za mawifi zake, homa ya binti, ndoto zake. Siku aliyopata taarifa ya kifo cha mama yake alifunga mlango, akalaza shavu kwenye ngozi zile, akalia mpaka zikalowa.

Fundi Saa alipomposa, mazungumzo yale yalikatika yenyewe. Hakukusudia. Mtu akishapata wa kumsikiliza, kwa nini aongee na chuma?

*

Aliisugua pete mpaka alama zikafutika. Akaizungushia kitambaa cha pamba, akaibana tena taratibu, akaanza kuchora majani madogo. Alipogeuka kuchukua maji ya kunywa, hata hakumaliza kumeza. Alisikia mpini ukizunguka nusu mzunguko. Pete ilikuwa imebanwa ikalala bapa kama mdomo uliofumbwa.

Kwenye jiliwa hilohilo, siku hiyohiyo, alichora pete tatu za wateja na kikuku kimoja, na zote zilitoka safi. Zilitoka safi kuliko wakati wowote.

Binti yake, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na ndiye aliyepokea wateja na kupachika vito, alianza kukunja pua. "Mama, hapa pananuka."

"Pananuka nini?"

"Kama kiatu kilicholowa mvua kikafungiwa kabatini." Alinusa tena. "Halafu kuna kingine. Kama pumzi ya mtu aliyeamka sasa hivi."

Mama Nakshi aliinamia jiliwa. Harufu ilitoka hapo. Aliweka kiganja juu ya ngozi na kukiondoa haraka, kwa sababu zilikuwa na joto, joto la kiti ambacho mtu amenyanyuka muda si mrefu.

Siku ya Alhamisi walifunga mlango wakaenda kula. Mama Nakshi alikuwa ameacha kwenye droo saa ndogo ya mkononi, zawadi ya Fundi Saa, maana hakupenda kuivaa wakati wa kazi. Waliporudi, ufunguo mkononi mwa binti, kitasa hakijaguswa, saa ile ilikuwa katikati ya taya za jiliwa. Kioo kimesagwa unga. Mishale yake midogo imepindwa ikatazama nyuma.

Lakini si hiyo iliyomfanya binti azibe mdomo kwa mikono miwili.

Pembeni ya jiliwa kulikuwa na kipande cha shaba ambacho Mama Nakshi alikitumia kujaribia kalamu. Asubuhi kilikuwa kitupu. Sasa kilikuwa na sura yake. Ilikuwa yeye kabisa, na kila unywele uliotoka kwenye kilemba ulikuwa mahali pake, kila mstari wa pembeni mwa macho ulikuwa mahali pake, mpaka ile alama ndogo ya tetekuwanga chini ya kidevu ambayo hakuna anayeiona isipokuwa mtu aliye karibu sana na aliye chini yake, kwa sababu uso ule ulichorwa kutoka chini kwenda juu, kama anavyoonekana na mtu aliyelala chali mezani, akimtazama siku nzima, miaka nenda miaka rudi, wakati yeye ameinama kufanya kazi.

"Mama," binti alinong'ona. "Umejichora lini?"

"Sikujichora."

"Basi nani?"

Mama Nakshi alikigeuza kile kipande kikalala kifudifudi. "Punguza sauti," alisema, na hakujua kwa nini alisema hivyo.

*

Jumamosi, baada ya adhuhuri, Fundi Saa alikuja mwenyewe kupimwa kidole upya, maana pete iliyobanwa bapa ilibidi iyeyushwe. Mama Nakshi hakutaka akae karibu na jiliwa, akamwonyesha kiti cha mlangoni. Lakini mwanamume aliyechumbia akiwa na miaka hamsini na sita haambiwi kaa mlangoni. Alisogeza kiti mpaka mezani.

"Kidole hiki hapa," alisema, "kimekungoja wewe tu."

"Acha utoto. Binti anasikia."

"Asikie! Na yeye ataposwa." Akamwinamia sikioni, akaegemeza mkono wa kushoto mezani, akamnong'oneza neno moja ambalo Mama Nakshi hajalisema kwa mtu mpaka leo. Mama Nakshi alicheka kicheko cha msichana.

Redio ya jirani ilikatika. Kelele za barabarani zilififia kana kwamba mtu amefunga dirisha, na katika ukimya huo mpini wa jiliwa ulianza kuzunguka, kwanza polepole, kisha kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauiwezi, taya zikafunguka, na kabla Fundi Saa hajageuza hata shingo zilikuwa zimemkamata kidole cha pete na kufunga, na ngozi zile nyekundu zikalia, si kwii ya kila siku bali mlio mrefu, mnene, wa kooni, kama mtu anayekula kitu alichokinyimwa kwa muda mrefu.

Fundi Saa alipiga ukelele. Mama Nakshi alirukia mpini, akaning'inia kwa uzito wake wote, hausogei. Binti alikuja, wakavuta wawili, hausogei.

"Mwache!" Mama Nakshi alilia. "Nakuomba, mwache!"

Mpini ukalegea papo hapo, kama mtu aliyesikia jina lake.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi aliosha damu, akakitazama kidole, akakigeuza, akamtazama mgonjwa kwa jicho la pembeni.

"Mmesema ni ajali ya kazini?"

"Ya kazini, ndiyo," Fundi Saa alijibu, uso umemkauka.

"Mbona naona meno hapa, mzee? Nani amekung'ata?" Macho ya muuguzi yalihamia kwa Mama Nakshi, yakatua. "Mgombane, wazee wangu, ugomvi upo. Lakini msing'atane."

*

Walikaa kwenye benchi la nje wakingoja dawa. Binti alikuwa dirishani kwenye foleni. Fundi Saa aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji, akasema kwa sauti ya chini:

"Nikuambie jambo la aibu?"

"Niambie."

"Miaka minne nilikuwa namwonea wivu mwanamume wako."

"Mwanamume gani?"

"Wa karakana." Alimeza mate. "Ule ukuta ni mwembamba, unajua. Nilikuwa nakusikia ukiongea naye. Unamwita baba. Unamcheka. Ndiyo maana nilichelewa kukuposa. Nilijiambia, huyu ana mtu wake, heshimu watu."

Mama Nakshi aliona haya mpaka masikio yakamwaka. "Fundi, ilikuwa jiliwa. Upweke tu. Nilikuwa naongea na jiliwa."

"Ulipokubali posa nikajua huna mtu. Nikajidanganya kwamba ilikuwa redio. Lakini redio haingoji mtu amalize kusema."

"Una maana gani?"

"Alikuwa anakujibu, mama."

Mama Nakshi alitupa jicho dirishani, aone kama binti anasikia.

"Sauti ya kiume, nzito, ya polepole. Sikuwahi kuyashika maneno. Na tangu nikuchumbie, wewe umenyamaza, lakini yeye hajanyamaza. Mchana mkienda kula, mnafunga mlango, yeye anabaki anaongea. Siku hizi maneno nayasikia vizuri."

"Anasemaje?"

"Anasema maneno yako. Anayarudia yote, moja baada ya jingine, kwa sauti yako. Juzi alikuwa kwenye siku uliyofiwa na mama yako." Fundi Saa alimgeukia, macho yamejaa maji. "Nilikuwa nadhani ni akili yangu. Nilikuwa nadhani ni wivu unanisumbua."

*

Mganga aliyeletwa na binti hakuwa na mbwembwe. Alikuwa bibi mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza na mfuko wa sokoni begani. Aliingia karakana Jumatatu saa tano, akalizunguka jiliwa mara moja bila kuligusa, akasoma maneno yake kimoyomoyo, kisha akatoka nje akakaa kibarazani kama mtu aliyechoka.

"Nani alimshonea nguo?"

"Mimi, bibi."

"Nani alimwita baba?"

Mama Nakshi aliinamisha kichwa.

"Sikulaumu," mganga alisema. "Huyo ni jini, na jini wa aina hii haji kuua. Anakuja kupendwa. Amekaa miaka tisa akishika kazi yako, anasikiliza shida zako, amekunywa hata machozi yako. Kwa hesabu yake yeye ndiye mume, na huyu mzee wa watu ni hawara. Ndiyo maana anang'ata pete."

"Mchome, bibi," binti alisema. "Choma zile ngozi yaishe."

"Nikizichoma akiwa bado anajiona mume, atamfuata huyu mzee mpaka kitandani. Hapo hatang'ata kidole." Alimgeukia Mama Nakshi. "Mimi siwezi kumwacha mume kwa niaba ya mwenzangu. Utamwambia mwenyewe. Utafumua uzi kwa mkono uleule ulioshona, mshono mmoja mmoja, na atakachokuuliza umjibu kweli. Ukimdanganya hata mara moja, atabaki."

"Na akiondoka?"

"Ataondoka na alichokuja nacho."

Mama Nakshi alitazama mkono wake wa kulia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Binti alisema kwa shida, "Mama, huo mkono ndio unaotulisha."

"Najua, mwanangu."

Kisha akaingia ndani. Mganga alisimama kizingitini, amewapa mgongo, akisoma kwa sauti ya chini.

Mama Nakshi aliketi kwenye kiti chake, akachukua sindano nene, akaiingiza chini ya mshono wa kwanza. Mchana ulikuwa mweupe pe. Uzi ulikatika kwa mlio mdogo, na ngozi ikashtuka chini ya vidole vyake kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza inzi.

"Umemwona huyo aliyetoka, alivyojaa maringo?" ilisema sauti yake yeye mwenyewe, kutoka katikati ya taya.

Alifumua mshono wa pili, wa tatu. Sauti yake iliendelea kumsemesha, habari za mawifi, homa ya binti, na kila mshono uliokatika sauti ile ilizidi kuwa nzito, ikateremka, mpaka ikawa si yake tena, ikawa sauti ya mwanamume anayeongea karibu sana, joto lake linampiga kidevuni pale penye alama ya tetekuwanga.

"Nani alikushika mkono ulipokuwa unateleza?"

"Wewe," alijibu.

"Nani alikaa na wewe walipokukimbia wote?"

"Wewe."

"Yule alikuwa wapi?"

"Upande wa pili wa ukuta."

"Alikuwa wapi?"

"Hakuwa na mimi. Wewe ndiye uliyekuwa na mimi." Machozi yalimdondoka, na aliona jinsi ngozi ilivyoyanywa, tone linagusa tu na linapotea.

"Atazeeka," sauti ilisema. "Atakoroma. Atakufa akuache, kama yule wa kwanza. Mimi sijawahi kuangalia mkono mwingine. Miaka tisa, siku zote, wewe tu, wewe tu, nimekuangalia ukiota mvi moja moja na nazijua zote, yeye anazijua? Muulize kama anazijua, muulize ni siku gani ulianza kuvaa miwani, muulize unapumuaje ukiwa na hasira, muulize!"

"Hajui."

"Basi niache nibaki." Sauti ilishuka ikawa ya kubembeleza, ya mtoto karibu. "Oleweni. Sitasema neno. Nitamng'ata kidogo tu. Kidogo tu kila siku."

Mkono wa Mama Nakshi ulisimama. Mshono ulikuwa umebaki mmoja. Kizingitini mganga aliacha kusoma, akangoja, wala hakugeuka.

"Ulinipenda?" sauti iliuliza.

Hapo ndipo penye mtego, na Mama Nakshi alijua. Angeweza kusema hapana na kumaliza. Alivuta pumzi.

"Nilikupenda," alisema. "Nilikupenda na sikujua ni wewe. Sasa najua, na sikutaki. Ondoka."

Alikata mshono wa mwisho. Maumivu yalimpenya kwenye kidole gumba, akaona damu, na alama ndogo zimepinda juu ya ngozi yake, lakini laini, za mtu aliyeng'ata huku akibusu. Kisha kitu kilipita mkononi mwake kuanzia begani kwenda vidoleni, kama maji yanavyotoka kwenye bomba, na sindano ikamdondoka. Ngozi mbili zilianguka mezani. Zilikuwa zimekauka, zimekunjamana, vipande viwili vya ngozi kuukuu visivyo na thamani.

Mganga alizichoma palepale uani. Moto haukuchukua muda.

"Amekufa?" binti aliuliza.

"Hawa hawafi, mwanangu. Wanahama." Mganga alikung'uta majivu, akachukua mfuko wake. "Mama yako mwacheni alale."

*

Walioana mwezi uliofuata kama walivyopanga. Pete ya Fundi Saa ilichorwa kwenye jiliwa lililovalishwa shaba mpya, na ilikuwa mbaya. Majani yamepinda, mstari mmoja umekimbia mpaka ukingoni. Fundi Saa aliivaa kwenye kidole chenye kovu akaitembeza mtaa mzima. "Hii hakuna wa kuiiga!" aliwaambia watu, na ulikuwa ukweli.

Mama Nakshi alirudi kwenye kung'arisha. Binti aliendelea na vito, na kazi ya nakshi wakawa wanaielekeza kwa mafundi wengine. Maisha yalikuwa mazuri. Mume alikoroma, kweli, lakini alipika vizuri na aliongea bila kuchoka, na usiku Mama Nakshi alilala kama gogo.

Miezi saba baadaye walikwenda upande wa pili wa mji kutafuta vipuri vya saa. Fundi Saa alizama dukani akibishana na muuzaji kuhusu springi. Mama Nakshi alibaki nje akitembeatembea, akapita mbele ya kioo cha sonara, na miguu ikagoma.

Kwenye kitambaa cheusi palikuwa na pete moja. Imechorwa mzabibu, jani juu ya jani, na kwenye mpindo mgumu kabisa, pale ambapo kila mkono duniani hutetemeka, mstari ulipita bila kujua kwamba pale ni pagumu.

Aliujua mkono ule. Ulikuwa wake.

Ndani, mwanamke wa miaka thelathini hivi, penseli imechomekwa kwenye nywele, alikuwa ameinamia jiliwa. Taya zilikuwa zimevalishwa ngozi mpya, nyekundu iliyokolea. Midomo ya mwanamke ilikuwa ikicheza. Alisema kitu, akangoja, akatabasamu.

Mama Nakshi alisukuma mlango. Alijua analopaswa kusema. Alikuwa nalo mdomoni tayari, maneno machache tu: vua hizo ngozi, dada yangu, zifumue leo hii, usimpe hata neno moja zaidi. Alipiga hatua tatu mpaka kaunta. Mwanamke aliinua uso, mchangamfu, mashavu yamejaa afya.

"Karibu mama. Nikusaidie nini?"

Mama Nakshi alilitazama jiliwa. Kilichompanda kifuani hakikuwa hofu. Kilikuwa kichungu, kinachoma, na maneno yaliyomtoka hayakuwa yale aliyoyaandaa.

"Ameshakuchora sura?"

Tabasamu la mwanamke lilizimika. Alimkagua mgeni polepole, kuanzia kilemba mpaka viatu, kisha akavuta kitambaa akalifunika jiliwa, akaweka kiganja juu yake, kama mtu anayemzuia mwingine asiinuke.

"Tumefunga, mama," alisema.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama Nakshi alitoka. Mlango ulifungwa nyuma yake, komeo likaingia, na Fundi Saa alimwita mara tatu kutoka ng'ambo ya barabara kabla hajaweza kuondoka pale kiooni.